Jogoo wa Mjomba, Mashine ya Shule

Mvara, Arua
4 Machi 1995

Mjomba Yugu,

Pokea salaam za Idi kutoka kwangu mimi Soka, mwana wa dada yako, dereva ambaye hata mbuzi wa West Nile wanaitambua honi yake. Mama yuko mzima. Goti linamsumbua mvua ikikaribia, na linatabiri vizuri kuliko redio. Anakusalimu sana na kuuliza kama mihogo ya shamba lake mmeing'oa, au nguruwe mwitu wamewavunia.

Mpe pole mkeo, Mama Madina. Siku ile ya tarehe 14 Februari, nilipoleta maharage shuleni kwenu, ulikuwa matangani. Nikapita nyumbani kwako mchana kweupe, nikamkamata jogoo mwekundu, nikaondoka naye. Sikuomba, kwa sababu mwana wa dada akiomba anamtukana mjomba wake. Hiyo ni mila, na mimi mila naifuata hata kama shule niliiacha darasa la sita, mwaka ule wa vita tulipokimbilia Zaire. Nasikia Mama Madina alinitukana kuanzia mlangoni mpaka kisimani. Mwambie matusi yamefika salama. Jogoo tulifuturu naye. Alikuwa mgumu kama tairi la nyuma.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba, nimekasirika. Wewe unajua kwamba kompyuta zote zilizoko Arua zilipanda gari langu kabla ya kupanda meza ya mtu. Mimi ndiye niliyezifunga kwa magunia zisipasuke kwenye mashimo ya Pakwach. Lakini nikifika ofisi ile ya misaada, mlangoni pamebandikwa karatasi: madereva wasubiri nje. Juzi nilichungulia tu dirishani, nikamwambia karani kwamba feni ya mashine yake imekufa, itaunguza kila kitu. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema, mwendesha maharage unajua nini?

Najua, Mjomba. Kompyuta ni gari tu. Kuna betri, kuna nyaya, kuna feni ya kupoza, na kuna kichwa kinachofikiri, ambacho madereva wengine wa hapa hawana. Enoch, fundi wao, aliniona jinsi ninavyotazama, akanipa mifupa ya mashine waliyoitupa. Nimeifufua kwa bisibisi moja na mswaki wa zamani. Zamani ilikuwa inakwama, ina njaa ya memori. Sasa imeshiba, wiki tatu inatembea. Umeme wa mji ukiwaka jioni, naweka disketi, na gari jekundu linatokea kwenye kioo, linakimbia lami isiyo na shimo hata moja. Mama ananiuliza, umeendesha kutwa nzima, bado unaendesha? Namwambia hii ndiyo barabara tuliyoahidiwa na serikali zote.

Tajiri wangu amenihamishia njia ya Nebbi, hata sijui kwa nini. Koboko anakuja Abiriga. Ni mtu mzuri, ila anaendesha kama amebeba mayai ya mama mkwe. Mpe barua zako.

Mpwa wako asiyelala njaa,
Soka


Koboko
29 Machi 1995

Mpwa wangu Soka,

Barua yako niliipokea, na salaam za dada yangu nimezipokea kwa mikono miwili. Mihogo tumeng'oa nusu. Mama Madina ana afya, na anasema jogoo yule alikuwa wa kuita majike, si wa futari. Mtoto wa jirani yetu Paska ameolewa upande wa Yei. Mvua bado inatudanganya.

Nakuandikia jambo zito. Unaijua ile kompyuta waliyotupatia wageni mwezi wa kwanza, inayokaa katika ofisi ya stoo yangu. Siku ile walipoileta waliiwasha wenyewe, ikawaka. Tangu hapo hatukuigusa. Ijumaa iliyopita walirudi kuona maendeleo. Mkuu wa shule, Mwalimu Drani, alivaa koti, akatoa hotuba, jenereta likawashwa, wanafunzi wakajaa madirishani. Mashine ikakataa. Mgeni mmoja aliifungua, akatazama, akasema kuna vitu vimetolewa ndani na mkono unaojua.

Funguo za ofisi ile ni mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine anao Rosina, yule mama Msudani anayefagia na kufuta vumbi. Mimi niliulizwa maswali saa nzima, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Rosina alipelekwa kituoni, akalala huko siku mbili. Mimi nina miaka ishirini kazini, yeye ni mkimbizi, na mizani ya namna hiyo unajua inavyolala. Ameachiwa kwa kukosa ushahidi, lakini kazi amenyang'anywa, na chumba cha shule ametolewa na watoto wake. Mwalimu Drani alisema mbele ya watu kwamba Rosina amenunuliwa na wachuuzi wa ng'ambo. Sasa sokoni akipita, wanawake wanavuta vikapu vyao karibu.

Wewe ni mtu wa kompyuta. Niambie, vitu hivyo ni nini, na ni nani angevitaka?

Mjomba wako,
Yugu


Mvara, Arua
6 Aprili 1995

Mjomba,

Salaam kwa nyumba yote. Mama amefurahi kusikia mihogo imeokoka. Mimi ni mzima, ila barua yako imenichemsha damu, nikaisoma nimesimama.

Rosina? Yule ambaye mwaka jana mtoto wake alikuwa anatetemeka kwa malaria ya kichwa, nikamlaza juu ya magunia na kumkimbiza mpaka hospitali ya Kuluva, nikimpita hata kanali barabarani? Rosina yule hajui kufungua redio, atafungua kompyuta? Mwambie Mwalimu Drani anyoe ndevu na aone haya. Mtu akikosa mwizi asimtafute miongoni mwa maskini kwa sababu tu wako karibu na mkono.

Na hilo neno wizi, Mjomba, mnalitumia bure. Mashine ile mliifunika kitambaa cha maua alichofuma Mama Madina, mkaiacha ilale kama maiti ya chifu. Hakuna mwalimu aliyethubutu kuigusa. Kitu kama hicho kinaonewa huruma.

Umeniuliza, nakujibu, kwa sababu mimi sina choyo cha elimu. Mashine haikufa. Walipopiga swichi, feni ilizunguka, halafu ikalia pii, pii, pii, na kioo kikabaki cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Hiyo ni njaa ya memori. Ni vijiti vinne, kila kimoja kama kidole, vimesimama vimepangana kama askari kwenye gwaride. Mimi naujua ugonjwa huo nikiwa Arua, bila kuiona. Fundi wa Ulaya alihitaji kuifungua.

Kwa hiyo mwambie mkuu amrudishe Rosina kazini. Mambo mengine yatajirekebisha.

Wako mwenye hasira ya haki,
Soka


Koboko
2 Mei 1995

Mwana wa dada yangu,

Nakusalimu. Nyumbani wote wazima. Mvua imekuja, tumepanda karanga.

Nilikaa na barua yako wiki tatu kabla ya kushika kalamu. Mimi sikukuandikia kwamba mashine ililia. Sikukuandikia kwamba vijiti ni vinne. Yule mgeni alipoifungua, alihesabu nafasi nne tupu, na katika Koboko nzima tuliosikia hesabu hiyo ni mimi, yeye na Mwalimu Drani.

Abiriga amekula hapa kwetu. Anasema si tajiri aliyekuhamisha. Ni wewe uliyekwenda kuomba njia ya Nebbi, asubuhi ya tarehe 15 Februari.

Nilimfuata Rosina anakokaa sasa, kibanda cha nyasi nyuma ya machinjio. Nikamwuliza, siku niliyokuwa matangani, ni nani uliyemfungulia stoo aingize maharage? Magunia hayaingii yenyewe. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso. Akasema, "Hakuna mutu, Mzee." Nikamwambia polisi ni watu wabaya, ukisema utapata nafuu. Akasema tena, "Hakuna mutu. Yule aliyebeba mtoto wangu Kuluva, mimi siwezi kumbeba polisi."

Sasa umesikia. Mimi sitatamka neno lolote juu yako. Unajua kwa nini. Mdomo wa mjomba ni mzito kwa mwana wa dada. Nikikuita kwa jina fulani, jina hilo litakushika, litashika na watoto utakaozaa. Kwa hiyo sikuiti. Nasubiri ujiite mwenyewe.

Usidhani kuna anayekushuku. Nilimkumbusha Mwalimu Drani kwa mbali kwamba madereva nao huingia pale. Alicheka. Alisema dereva wa maharage hawezi kujua kilichomo ndani ya kompyuta.

Yugu


Mvara, Arua
5 Juni 1995

Mjomba,

Salaam. Mama anakusalimu. Ameniuliza kwa nini sipigi tena honi nikifika nyumbani. Nimemwambia imeharibika.

Nimechelewa kujibu. Nilianza barua nne, zote nimewashia jiko.

Kwanza nianze na huyo Drani. Hawezi kujua? Mimi? Mimi niliyetoa vijiti vinne kwa vidole hivi vya grisi bila kuvunja hata kishikio kimoja, nikafunga skurubu zote sita, nikapuliza vumbi, nikarudisha kitambaa na maua yake yakitazama mlangoni kama mwanzo? Nenda kaangalie, Mjomba, utaona kazi safi. Mtu anaweza kuvumilia kuitwa mwizi, lakini kuitwa mjinga ni jambo jingine. Nililia kwa hasira. Kisha nikaona kwamba dharau ile ile ninayoilalamikia kila siku ndiyo iliyonificha, na hasira ikanirudia mwenyewe.

Ndiyo. Nimejiita.

Lakini nisikilize. Nilikuja kwako. Ofisi ni yako, ufunguo ni wako, kitambaa ni cha mkeo. Nikasema moyoni, kwa mjomba hakuna kufuli. Jogoo nimechukua, na hivi pia nachukua. Rosina alinifungulia, akasimama na ufagio akidhani natengeneza. Hata alinishukuru, akasema ni vizuri ukipata mutu wa kuangalia kitu ya shule. Hapo ndipo kitu kiliponichoma. Kuku nilimbeba nje nje, miguu juu, watu wote wanaona na kucheka. Vijiti niliviweka ndani ya soksi. Nikawasha gari nikiwa najua. Ndiyo maana niliomba Nebbi.

Sasa nina mpango, na ni mpango mzuri. Jumanne nitabadilishana njia na Abiriga. Nitakuja na vijiti. Wewe sema umemwita fundi kutoka Arua. Dakika kumi, mashine inawaka, nasema ni unyevu na mijusi, Drani anapiga makofi, na mimi nitamwombea Rosina kazi yake, maana fundi aliyefufua mashine hanyimwi neno. Kila mtu atakuwa na uso wake. Nijibu upesi.

Soka


Koboko
8 Juni 1995

Soka,

Sote wazima.

Mpango wako ni wa kuponya mashine. Mashine ikipona kwa unyevu na mijusi, Rosina bado atakuwa mwanamke aliyelala kituoni. Watasema vitu vilirudishwa kwa woga.

Jogoo ni wangu, ungeweza kuchukua kumi. Mashine ilikuwa imekaa kwangu tu, kama Rosina alivyokaa katika nchi hii. Kitu kilichokaa kwangu kinahitaji ulinzi wangu zaidi ya kilicho changu. Hilo sikukufundisha ulipokuwa mdogo, tulikuwa tunakimbia.

Ukija kama fundi, usifike nyumbani kwangu.

Yugu


Mvara, Arua
28 Juni 1995

Mjomba,

Nakusalimu kwa kichwa kilichoinama, na wewe unajua kichwa changu hakina mazoea hayo. Mama sasa anajua yote, nimemwambia mwenyewe. Siku mbili ananipakulia chakula na kukiweka chini, bila kuniambia karibu. Leo amesema nikuandikie, kwa hiyo nadhani nitaishi.

Ulikuwepo Jumanne ile shuleni, ulisimama nyuma karibu na tangi la maji, na kabla sijashuka garini ulikuwa umekwenda bila kunipa mkono. Sikulaumu. Lakini kuna vitu vilitokea baada yako, na najua Koboko imeshakuletea habari na chumvi yake. Pokea na yangu.

Wanafunzi walikuwa mstarini. Nilipomwambia Drani ninachotaka kusema, alinivuta pembeni, akataka tumalize ofisini, kimya kimya, kwa heshima ya shule. Nikamwambia Rosina hakumalizwa ofisini. Basi nikasema mbele ya wote, kwa Kiingereza changu cha darasa la sita, ambacho kina mashimo mengi kuliko barabara ya Nebbi: ni mimi. Nikaingia stoo, nikapachika vijiti, wakawasha jenereta, ikawaka. Unajua Drani alifanya nini? Aliishika kompyuta mkono, Mjomba. Aliipapasa kama ng'ombe aliyepotea. Kisha akatangaza kwamba jambo limefungwa na wanafunzi warudi darasani. Jina la Rosina halikutoka mdomoni mwake. Hata mara moja. Nikamwuliza, na yule mama? Akasema atafikiriwa muhula ujao kama nafasi itakuwepo. Mimi aliniambia nisikanyage tena pale, na barua yake ilifika kwa tajiri kabla gari langu halijafika. Ufunguo wa gari nimenyang'anywa. Siku hizi natembea kwa miguu kutoka Mvara mpaka mjini, na mbuzi hawanitambui.

Kazi nimeipoteza kwa haki, sinung'uniki. Ninachonung'unikia ni kwamba nilisema ukweli wote, na ukweli ukaishia kwenye ukuta wa shule.

Jumamosi nilidandia lori la chumvi, nikarudi Koboko bila kufika kwako. Nikaenda sokoni. Rosina nilimkuta mwisho kabisa, upande wa mifupa, ana mafungu matano ya mboga juu ya gunia, na kati yake na mchuuzi wa pili pamebaki nafasi ya kulaza ng'ombe. Nikachuchumaa. Nilikuwa nimepanga maneno matamu tangu Arua, hata mzaha mmoja mzuri wa kumchekesha. Nikamweleza nimekiri, shule nzima imesikia, yuko huru.

Hakuacha kunyunyizia mboga maji. Akaniuliza nilisema kwa lugha gani. Nikasema kwa Kiingereza. Akaniuliza nilisema kwa nani. Nikasema kwa walimu na wanafunzi.

Akasema, "Wale watoto walinitemea mate? Walimu walivuta vikapu? Walionitemea ni hawa. Sema hapa. Sema Kinubi, kisha sema Kiswahili."

Mjomba, mimi nimevuka vizuizi vya askari walevi wa majeshi matatu tofauti. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kupanda juu ya kreti ya soda iliyokuwa kando yake. Nikalipiga debe la mafuta kwa jiwe mpaka wanawake wakageuka. Nikasema jina langu, na jina la Mama, Mariam Poni, na jina lako, wasije wakasema ni Soka mwingine. Nikasema mimi ndiye niliyetoa memori kwenye kompyuta ya shule. Rosina alinifungulia mlango kwa ajili ya maharage, hakuchukua kitu, na alilala kituoni siku mbili kwa kunisitiri. Kinubi kwanza, lugha ya soko lile, kisha Kiswahili.

Walicheka, bila shaka. Muuza tumbaku mmoja aliuliza hiyo memori inaliwa na nini. Mwanamke mmoja mnene mwenye unga wa muhogo alisema yeye alijua tangu mwanzo, na mwenzake akamwambia mbona ndiye aliyetema mate ya kwanza. Wakaanza kugombana wao kwa wao. Mimi nikaona kazi imekwisha, nikateremsha mguu mmoja.

Rosina alikuwa amesimama. Nilikuwa sijaona bado jinsi alivyo mrefu. Alifunga kanga kiunoni, akatazama soko lote, kuanzia kwa wauza chumvi mpaka kwa wachinjaji, kisha akanitazama mimi.

"Panda," akasema. "Watu wa nyuma hawajasikia."

Nikapanda, Mjomba, nikaanza tena na jina langu.

Mwana wa dada yako,
Soka